Posa ya Mtu wa Viatu

Othmani alianza kupenda viatu siku ile ya Idi ambayo mjomba wake alimletea pea nyeusi ya kufunga kwa kamba. Usiku ule alilala nayo kitandani. Asubuhi akaenda msikitini mbele ya watoto wote, akiinua miguu kama jogoo aliyekanyaga maji, na alipofika mlangoni akakumbushwa jambo ambalo halikuwa limempitia akilini: viatu vinavuliwa. Akasali shingo imegeukia nje. Watu wazima wakasema mtoto huyu amepandwa na shetani. Hakuna shetani aliyempanda. Aliwaza viatu vyake tu.

Hiyo ndiyo bahati ya Mwislamu wa Gitega aliyeumbwa na mapenzi hayo. Msikitini vua, kwenye maulidi vua, kwenye matanga vua, ukialikwa chai vua. Kila mahali penye watu wa kukuona, kitu cha kuonwa kinabaki nje pamoja na kuku. Labda ndiyo maana hakuwahi kutosheka. Alikua, akajifunza cherehani, akawa anawashonea watoto wa shule za Mushasha sare zao, na kila mzazi aliyelipa alikuwa amemnunulia Othmani soli au kisigino bila kujua.

Hakununua kwa kupanga. Alikuwa akitoka kutafuta uzi anarudi na viatu. Na kila pea ilikuwa na mkosaji wake, na mkosaji hakuwa Othmani kamwe. Sukari ilipopotea madukani, alirudi na buti za zipu, akasema, "Kama wakubwa wametunyima utamu wa mdomo, wacha mguu upate." Bei ya unga ilipopanda, alirudi na viatu vya ngozi ya nyoka. "Pesa ya nchi hii inaozea mfukoni kama ndizi," alimwambia mke wake. "Ukiiweka mpaka kesho itanunua kamba tu. Mi sitapanyi pesa, mama. Mi naiokoa."

Mke wake Kadidja, Mungu amrehemu, alikuwa anaficha pesa ya chakula ndani ya gunia la maharagwe. Othmani akawa mwanamume wa pekee mtaani aliyejitolea kuchambua maharagwe.

Kadidja alipougua, ambulansi haikuwa na mafuta. Alibebwa kwa baiskeli ya kukodi, na hakurudi. Gari la mkubwa aliyekuja kutoa pole lilikuwa na mafuta, tena dereva aliliacha linanguruma nje muda wote wa dua, ili mkubwa asikute joto ndani. Othmani hakusahau ule mngurumo. Tangu siku hiyo akawa na haki ya kuwalaumu wakubwa kwa kila kitu, na haki hiyo akaitumia vizuri, hasa akipita sokoni.

Miaka ikapita, akiwa peke yake na cherehani na kabati la viatu. Ndipo akaja Latifa.

Latifa alikuwa mjane wa Muyinga. Alifika Gitega kwa arusi ya mpwa wake, gauni likambana, akaambiwa kuna fundi. Othmani alilifungua gauni pembeni, akaongeza kitambaa kwa namna ambayo hata mwenye gauni hakuona mshono, wala hakutoa neno moja juu ya unene wa mtu. Latifa akaomba namba ya simu. Baada ya hapo walizungumza karibu kila jioni, na Othmani, ambaye nyumba yake ilikuwa imezoea sauti ya sindano tu, akaanza kunyoa ndevu kabla ya kupokea simu.

Walipofika kwenye maneno ya ndoa, Latifa alisema wazi.

"Marehemu mume wangu, Zakaria, alikuwa mtu wa viatu. Tulikula viatu, tulilala njaa na viatu. Mi nimekuona Gitega, nimeona pia ulivyovaa. We ni mtu wa namna ileile."

"Nilikuwa," alisema Othmani.

"Kaka yangu Houssein njo anasimama pahali pa baba. Ni chefu wa kartie, mtaa wote uko chini yake, na hataki niolewe. Anatafuta sababu. Ukikuja hapa na kiatu mpya umempa sababu, na mi pia umenipa. Kuja na kiatu ya zamani. Unaniahidi?"

"Nimeahidi. Mpaka nikahi sinunui hata kamba."

Akakata simu, akafungua kabati, akagundua balaa. Hakuwa na kiatu cha zamani. Alikuwa na viatu vya miaka mingi, lakini vyote alivipaka dawa, alivijaza magazeti, alivifunika kwa vitambaa. Hata pea iliyokuwa na umri wa mtu wa kuoa iling'aa kama imetoka dukani jana.

Akamwendea Venansi, rafiki yake wa Itaba aliyekuwa anamletea mkaa. Venansi alizaliwa na kukulia kambini Tanzania, akarudi mtu mzima, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama mstari wa daftari. Kwa ajili hiyo Othmani alikuwa amekwisha kumwomba awe msemaji wake kwenye posa, ingawa Venansi ni Mkatoliki.

"Unataka nikuazime na viatu pia?" Venansi alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. "Ndugu yangu, una duka zima chumbani."

"Usicheke, sha. Ni mambo ya maisha."

Venansi akavua kandambili zake alizolimia, kamba moja imeshikwa kwa waya, akampa. Yeye mwenyewe akavaa mabuti ya mpira. Wakasafiri hivyo, fundi na msemaji wake, na mfuko wa zawadi: kitenge cha Latifa, na pesa ya kumnunulia chefu kilo za nyama Muyinga, maana mkono mtupu haulambwi, na mkono wa chefu haulambi chochote kisicho na mafuta.

Gari lilifika karibu na Karuzi likaishiwa. Dereva akasema ameahidiwa mafuta mbele. Kwenye nchi yetu mafuta yako mbele siku zote, ukifika mbele yako nyuma. Wakashuka, wakatembea, wakapata lori la mihogo, na walipotupwa chini kandokando ya soko la Muyinga, kandambili ya kulia ilikatika mahali ambapo hata waya haukuweza kusaidia.

"Usihangaike," alisema Venansi. "Tununue kandambili nyingine, bei yake kitu kidogo."

Hapo Othmani alikuwa anamsikiliza kweli. Waliingia upande wa mitumba kutafuta kandambili. Na palepale, juu ya kipande cha turubai, mama mmoja alikuwa amepanga viatu vichache, na katikati yake pea moja ya rangi mbili, kahawia na maziwa, ngozi ya kweli, yenye vitobo vidogo vilivyopangwa kama tasbihi.

"Hapana," alisema Venansi.

"Naangalia tu."

"Uliahidi."

"Niliahidi sinunui kiatu kipya. Hii ni mtumba. Iko ya zamani kuliko we." Tayari alikuwa amekwisha kuingiza mguu. Vilimkaa. Cha kushoto kilimnyanyua kidogo, kama mtu aliyepandishwa cheo upande mmoja, lakini hilo hakulijali. "Na angalia, Venansi. Nikifika pale nitavua mlangoni. Chefu atakuwa amekaa ndani kwenye mkeka. Ataona miguu mitupu. Kiatu iko nje, nani anaangaliaka viatu vya nje?"

"Wewe," alisema Venansi.

"Na nani ameleta maneno haya? Kama wakubwa wangetupa mafuta, tungefika na gari, kandambili ingekuwa nzima."

Mama muuzaji akaona mteja amekolea. "Hii si ya marobota, baba, hii ni ya mtu mkubwa. Nimeletewa na chefu mmoja. Iko ingine nyeusi imebaki kwake stoo, ukirudi kesho utaikuta."

Muyinga ina machefu wengi kama migomba. Othmani hakuuliza ni yupi. Alilipa kwa pesa ya nyama.

Nyumba ya Latifa ilikuwa ya matofali, yenye ua safi, na nyuma yake stoo yenye kufuli kubwa. Othmani alivua viatu vyake vya rangi mbili mlangoni, akavisukuma ukutani, akaweka mabuti ya Venansi mbele yake kama pazia. Wakaingia.

Houssein alikuwa mtu mnene mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono na simu mbili. Tangu ramani ya nchi ichorwe upya na Muyinga ishuke kutoka mkoa ikawa komine tu chini ya mkoa wa Buhumuza, alikuwa ameongeza sauti, kama mtu aliyepunguziwa shamba anavyorefusha uzio. Alijibu salamu, akaangalia mikono yao. Haina nyama. Akaangalia miguu yao.

Venansi akajikohoza. "Mheshimiwa chefu, sisi ni watu wa Gitega. Kule kwetu kuna cherehani inashona vizuri, ila kila kitambaa kinateleza upande wa pili, kwa kuwa hakuna mkono wa kukishika. Tumezunguka, tumeulizia, tukaambiwa mkono huo uko Muyinga, katika nyumba hii. Tumekuja kuuomba kwa heshima."

Houssein alipenda kuitwa mheshimiwa. Akalainika, lakini siyo sana. "Maneno iko mazuri. Lakini mi nimesikia huyu bwana anapendaka viatu kupita watu. Dada yangu amekwisha kuteswa na mwanaume wa namna ile."

"Mheshimiwa, mtazame miguu," alisema Venansi.

Wote wakaitazama miguu ya Othmani ilivyotandazwa mkekani, vumbi la Karuzi bado liko katikati ya vidole. Ilikuwa miguu ya mtu mnyenyekevu kabisa. Houssein alitafuta sababu kwenye vidole, akatafuta kwenye visigino, hakuipata. Othmani akaanza kupumua. Moyoni aliona nyumba yake ya Gitega ina mtu wa kumjibu jioni.

Latifa alikuwa ametoka kutafuta sukari ya chai, na sukari siku hizo ilipatikana kwa kujuana. Walimsikia anasalimiana na majirani uani. Kisha hatua zake zikafika mlangoni, zikanyamaza. Alipoingia, mkono wa kulia ulikuwa na kifuko kidogo cha sukari, mkono wa kushoto ulikuwa na kiatu cha rangi mbili.

"Hii kiatu iko ya nani?"

Venansi, kwa Kiswahili chake chote, akajikohoza tena.

"Ya kwangu," alisema Othmani. Kisha kwa sauti ndogo: "Tangu leo."

Alingoja kufukuzwa. Lakini Latifa hakuwa anamwangalia yeye. Aliingiza vidole ndani ya kiatu, akachomoa chini ya kisigino kipande cheusi cha tairi, akamwonyesha kaka yake.

"Kaka. Viatu vya Zakaria vimefikaje sokoni?"

"Viatu inafananaka, dada yangu," alisema Houssein. "Mzungu hatengenezaka pea moja."

"Na tairi? Mzungu njo aliweka tairi? Mguu wa Zakaria ulibaki mfupi tangu ile lori imwangushe Kobero. Hii tairi nilikata mi mwenyewe, na kisu ya jikoni. Siku nimetoka eda nilikupa viatu vyote ugawe sadaka. Ukaniambia umegawia maskini wa kartie yote. Mpaka picha ukanionyesha."

"Si nimegawa? Nimegawa. Maskini njo wameuza." Houssein akapanguza jasho. "Maskini wa sasa hawana shukrani. Unamupa kiatu, yeye anataka pesa. Tunafanya nini na watu kama wale?" Kisha akamgeukia Othmani, na uso wake ukawa mwingine, umejaa upendo. "Shemeji," akasema, na neno hilo hakuwa amelitumia tangu waingie. "Mwambie dada yangu. Si uliuziwa na maskini mmoja pale sokoni?"

Othmani alielewa mara moja. Mtu akishonea watu nguo anajifunza kusoma macho. Jibu lilikuwa neno moja, ego, yaani ndiyo, na kwa neno hilo moja angepata mke, angepata shemeji mwenye cheo, pengine hata mafuta ya kurudia. Maisha yake yote aliwasema wakubwa kwa sababu hawakuwahi kumhitaji. Sasa mkubwa alikuwa anamhitaji, tena anamwita shemeji, na Othmani alishangaa jinsi jambo lile lilivyo tamu. Akafungua mdomo aseme ego.

Latifa hakumngoja. Alikuwa amekaa chini, kiatu mapajani, anasema peke yake kama mtu anayeita majina ya wafu. "Ile nyeusi ya arusi yetu. Ile ya Idi. Na ile ya kijani, laini kama sikio la mbuzi, alileta kutoka Kampala, hakuvaa hata siku moja..."

"Ya kijani?" alisema Othmani.

"Ya kijani."

"Mbona yule mama hakunionyesha ya kijani? Ameniambia imebaki nyeusi tu, iko stoo kwa chefu, nirudi ke..."

Hapo akanyamaza, lakini maneno yalikuwa yametoka, na maneno si kiatu, hayarudishwi kwa muuzaji.

"Stoo kwa chefu," alisema Latifa polepole.

Watu wote wanne wakageukia dirisha la nyuma. Stoo ilikuwa ya Latifa. Kufuli ndiyo ilikuwa ya Houssein. Stoo aliiomba alipopata cheo, akasema atahifadhi humo karatasi za utawala, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kuingia. Sasa ikaeleweka pia kwa nini hakutaka dada yake aolewe. Mume hupenda kujua kilichomo ndani ya stoo ya nyumba.

"Funguo," alisema Latifa.

"Iko kwenye ofisi ya komine."

"Nenda uilete."

"Mafuta hakuna."

Venansi alisimama, akatoka nje, akavaa mabuti yake, akaokota jiwe, akapiga kufuli mara moja ikaanguka. "Samahani sana, mheshimiwa," alisema. Hata kwenye kuvunja kufuli alikuwa na Kiswahili safi.

Karatasi ya utawala haikuwamo hata moja. Ukutani zilipangwa pea za marehemu Zakaria, na mbele yake magunia ya sukari yamefika dari. Latifa alitazama magunia, akatazama kifuko alichokuwa nacho mkononi, ambacho alikipata kwa kubembeleza. Akaenda kwenye barabara akaita watu.

Watu walikuja haraka kuliko wanavyokuja kwenye kazi za jamii. Houssein alikuwa ameshika simu zote mbili masikioni, anaongea na mtu ambaye hakuwa akijibu. Latifa akamwambia Othmani, "Viatu vya Zakaria gawa we."

"Mi?"

"We njo ulijua kama viko."

Akagawa. Alimpa mwenye kuchonga mawe pea ya Idi, akampa mjane mmoja nyeusi ya arusi ampelekee mwanae. Alivua macho kwenye kila pea kama mtu anayevua pete iliyobana. Ile ya rangi mbili, ambayo alikuwa mumewe kwa nusu siku, akaitoa pia, akabaki miguu mitupu. Ya kijani aliiweka ya mwisho. Ilikuwa kweli laini kama sikio la mbuzi. Mbele yake alisimama mkulima mzee, Leonardi, aliyeshuka kuuza ndizi, nyayo zake zimepasuka kama udongo wa kiangazi.

"Hii haitakuenea, mzee," alisema Othmani, ameikumbatia.

"Mguu ni wangu," alijibu Leonardi. "Wacha niuulize mwenyewe."

Watu wakacheka. Latifa hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, anamwangalia Othmani kama mtu anayeangalia maziwa jikoni. Othmani akaona macho yale. Akaona pia, upande wa pili wa ua, Houssein naye anaiangalia ile ya kijani, kwa tamaa ileile, na alichukia kujiona kwenye uso ule. Akapiga magoti, akamvika mzee mwenyewe, akafunga kamba.

"Usipite nazo kwenye tope," alisema. "Usizianike karibu na moto. Na siku umezichoka..."

"Siku nimezichoka?"

"Hapana kitu, mzee. Tembea salama."

Latifa akawasindikiza mpaka barabarani. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. "Uliniahidi, na ukanunua," alisema. "Nenda. Nitakupigia."

Othmani alirudi Gitega peku, na kila mtu mtaani alikuja kumtazama miguu. Alikaa kwenye cherehani, simu juu ya meza, hakwenda sokoni hata kununua uzi. Siku simu ilipolia alijichoma sindano.

"Kaka yangu ametoa sherehe," alisema Latifa bila salamu. "Jumamosi, baada ya kazi za jamii. Wakubwa walikuja. Ametangaza kama utawala umegawia raia viatu."

"Utawala?"

"Donc, waliopata viatu waliitwa wote. Wakaambiwa wavue, waweke kwenye meza, ili wapewe tena mbele ya kamera. Wakavua. Wakapanga msitari, wakapewa, wakapiga makofi. Na sukari ile ya stoo iliuzwa palepale, ya msaada wa chefu. Mzee Leonardi alipofika mezani, ya kijani haikukuwa. Wamemupa kandambili."

"Nani amezichukua?"

"Angalia picha ikifika. Angalia miguu ya kaka."

Othmani alikuwa na maneno mengi juu ya wakubwa, amelimbikiza tangu ujana, mengine tangu ule mngurumo wa gari kwenye matanga. Safari hii hakuna lililotosha. "Ule mzee," alisema mwishowe, "amepandaje mlima na kandambili, na mvua yote hii?"

"Nilifikiri utauliza ya kijani," alisema Latifa.

"Na mi nilifikiri hivyo."

"Nimeongea na shehe. Amesema kaka akikataa, yeye atasimama pahali pake. Kuja Ijumaa. Hapa sikai tena. Na mwambie Venansi apunguze hotuba."

Ijumaa, kabla jua halijawa kali, Othmani alipanda gari la Muyinga akiwa amevaa kandambili za kuazima, na magotini amepakata furushi kubwa la viatu vya kabatini mwake, ili mzee Leonardi achague anavyotaka, na watakaobaki nyuma yake wachague pia. Kabla ya Karuzi alikuwa amekwisha kulifungua na kutoa ile ya ngozi ya nyoka, na Venansi amekwisha kuirudisha ndani na kufunga fundo upya, na wote wawili walikuwa wanatazama nje ya dirisha bila kusemezana.